Barua ya wazi kwa wanaopanga mafunzo ya wataalamu wa saratani: baada ya uzamivu, Kusini tunaachwa njiani

Kwa: Viongozi wote wenye dhamana ya kupanga, kuruhusu na kugharamia mafunzo ya wataalamu wa saratani, wizarani, vyuoni na katika hospitali za umma.

Kutoka: Mtaalamu wa fizikia tiba, Mtwara.

YAH: MAFUNZO YA UTAFITI BAADA YA UZAMIVU KATIKA UPIGAJI PICHA WA MOLEKULI KWA AJILI YA SARATANI, NA NAFASI YA MIKOA YA LINDI NA MTWARA

Waheshimiwa,

Salaam. Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nawaandikia hadharani kwa sababu njia za ndani zimeisha. Barua yangu ilipita kwa mkuu wa idara, ikapanda kwa mwajiri, ikaenda ofisi iliyo juu yake, ikarudi na mhuri na maelekezo ya kwamba nifuate utaratibu. Utaratibu wenyewe ndio niliokuwa nauulizia. Nilipopiga simu niliambiwa faili liko mezani. Nilipokwenda mwenyewe, hakuna aliyejua ni meza ipi. Sitaji ofisi wala mtu, maana wengi niliokutana nao walinipokea vizuri, wakanipa kiti, wakanisikiliza hadi mwisho, kisha wakaniambia hawana pa kuniweka.

Jambo lenyewe ni hili. Nina shahada ya uzamivu katika fizikia tiba na ni mtumishi wa hospitali ya umma huku Kusini. Nilipomaliza kutetea tasnifu niliomba nafasi ya miaka miwili katika kituo cha utafiti wa saratani nje ya nchi, nikapata. Kituo kilikuwa tayari kulipa posho ya kujikimu na gharama za maabara. Kilichotakiwa kutoka nyumbani ni ruhusa yenye mshahara na barua ya mwajiri kwamba nikirudi nina kazi. Nilipewa fomu ya ruhusa ya masomo. Ilikuwa na visanduku vya kuweka alama ya vema: stashahada, shahada, uzamili, ubingwa, uzamivu. Chini ya uzamivu palikuwa na nafasi ya sahihi. Nikamuuliza ofisa niweke alama wapi. Akaichukua fomu, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu, akanirudishia akisema, "Dokta, wewe si umeshamaliza kusoma?"

Ushauri aliokuwa nao ni kwamba kama haya ni masomo, nioneshe cheti nitakachorudi nacho. Kama ni kazi, niache hii niliyo nayo. Nafasi ile imeshapita na imechukuliwa na mwingine. Kama ingekuwa yangu peke yangu ningenyamaza. Lakini kuna vijana wawili wako hatua za mwisho za uzamivu Dar es Salaam, mmoja ametokea Nachingwea na mwingine Newala, na wote wameniuliza wafanyeje wakimaliza. Sina jibu la kuwapa. Jibu mnalo ninyi.

Kwa wasomaji wasio wa fani hii, nieleze kwanza tunazungumzia nini. Eksirei, ultrasaundi na CT huonyesha umbo: uvimbe uko wapi na una ukubwa gani. Picha za molekuli huonyesha kinachofanyika ndani ya seli. Mgonjwa huchomwa sindano ya dawa yenye mionzi kidogo, dawa hiyo hutafuta seli za aina fulani na kung'ang'ania hapo, kisha mashine husoma mionzi inayotoka mwilini. Iliyo maarufu kuliko zote ni FDG, ambayo ni sukari iliyofungwa florini-18, yaani atomi yenye mionzi. Mjerumani Otto Warburg aliona tangu miaka ya 1920 kwamba seli za saratani hula sukari kwa pupa kuliko seli za jirani. Mwaka 1976, huko Pennsylvania, Marekani, ndipo binadamu wa kwanza walipochomwa FDG na kupigwa picha, na mwaka 1998, Pittsburgh, mashine ya kwanza iliyounganisha PET (ile inayosoma mionzi ya dawa hizi) na CT ikaanza kuwapima wagonjwa. Tangu Warburg aone lile jambo hadi mgonjwa alale kwenye mashine hiyo ilipita zaidi ya nusu karne ya utafiti.

Mafunzo ninayoyasemea ndiyo yanayotoa watu wa kazi hiyo. Mtu aliyemaliza uzamivu hukaa miaka miwili au mitatu kwenye maabara yenye shughuli, chini ya walezi wawili, kwa kawaida mmoja wa sayansi na mwingine daktari wa wodini. Anatengeneza dawa ya mionzi nyuma ya kuta za madini ya risasi zinazozuia mionzi, anapima usafi wake kabla haijamgusa mtu, anaijaribu kwa panya, anaandika andiko la kwenda kamati ya maadili, anakataliwa, anaandika tena. Anajifunza kutafuta fedha za utafiti kwa jina lake mwenyewe. Mwenye uzamivu asiyepita hapo amefanya utafiti mmoja mkubwa maishani, tena wa kusimamiwa. Kumkabidhi huyo kitengo na kumwambia aanzishe jambo jipya ni kumwonea, na kuwaonea wagonjwa wake.

Sasa niweke hoja zangu kwa mpangilio, mpate kuzijibu moja moja.

1. Mfumo wenu wa mafunzo unaishia kwenye cheti.

Tunashukuru kwa yaliyofanyika. Madaktari wamesomeshwa ubingwa na ubingwa bobezi kwa fedha za umma, na Kusini wapo waliorudi na wanafanya kazi. Serikali pia imewekeza katika PET na saiklotroni, mashine ya kuzalisha atomi zenye mionzi, pale Taasisi ya Saratani Ocean Road. Lakini ubingwa unamfundisha mtu kutumia maarifa yaliyopo, na saiklotroni inatoa dawa ambazo wengine wameshazibuni. Anayeuliza kama dawa hizo zinafaa hapa, kwa wagonjwa hawa, kwa bei hii, hana kisanduku kwenye fomu. Hana ngazi ya mshahara inayomtambua wala kifungu cha bajeti. Mwajiri akitaka kumsaidia kwa nia njema, mkaguzi atamuuliza fedha zimetumika kwa kifungu gani. Ndiyo maana sikulaumu watu wa meza za chini. Kisanduku kinaongezwa na ninyi.

2. Fizikia ya dawa hizi haiwezi kuamuliwa Dar es Salaam kwa niaba ya Mtwara.

Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo penye kazi yangu. Dawa hizi ni kama barafu: ukichelewa njiani unafikisha maji. Florini-18 hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110. Kati ya Dar es Salaam na Mtwara ni kilomita kama 560. Ipakie kwenye gari alfajiri, ivuke Daraja la Mkapa, ipite Somanga, Nangurukuru, Lindi, Mnazi Mmoja, ifike Mtwara baada ya safari ya saa nane, itakuwa imebaki kama asilimia 5 ya iliyotoka. Kwa ndege, ukijumlisha kutoka maabara, kusubiri uwanjani na kupakua, tuseme saa tatu, inabaki kama theluthi, na hapo ndege isiahirishwe. Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara yetu upande wa Kilwa, na magari ya abiria na ya mizigo yakalala njiani. Hakuna dawa ya dakika 110 inayosubiri daraja litengenezwe.

Njia nyingine ipo, na ndiyo ninayotaka ichunguzwe. Galiamu-68 inaisha haraka zaidi, nusu kila dakika 68, ila haihitaji saiklotroni. Inatoka kwenye jenereta ya mezani, si ya umeme bali chombo cha kukamulia atomi zenye mionzi, yenye jermaniamu-68, ambayo yenyewe huchukua siku 271 kupungua kwa nusu. Jenereta moja inakaa hospitalini karibu mwaka mzima na inakamuliwa mara kadhaa kwa siku. Teknetiamu-99m nayo inatoka kwenye jenereta, ya molibdeni-99. Hiyo hutumika kama wiki moja, na picha zake hupigwa kwa kamera ya gama ambayo ni nafuu kuliko PET. Zipo dawa za kutafuta saratani ya tezi dume zinazofungwa kwa galiamu, na zipo zinazofungwa kwa teknetiamu. Ipi inafaa mahali penye joto hili na unyevu huu wa bahari, penye umeme unaokatika na ndege isiyo na uhakika? Jenereta ikifika Jumatatu badala ya Ijumaa, wagonjwa wangapi wanapungua kwenye orodha? Mtu wa Pittsburgh hana sababu ya kuliuliza swali hili. Wa Dar es Salaam anaweza akaliuliza, lakini saiklotroni iko jirani yake na halimsumbui.

Nimtaje mgonjwa mmoja, nikificha kila kinachoweza kumtambulisha. Ni mzee wa vijiji vya Tandahimba aliyefanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi dume. Miaka ikapita, kipimo chake cha damu kikaanza kupanda. CT siku hizi inapigwa hapa hapa Mtwara, akapigwa, haikuonyesha kitu. Akaambiwa asubiri, kipimo kikapanda tena. Alipokuja mara ya pili alikuwa amesubiri kwanza malipo ya mnada wa korosho apate nauli, na picha zake zilikuwa kwenye bahasha ya kaki iliyolowa jasho pembeni kwa kubebwa kwapani. Akanambia, "Mwanangu, picha inasema sina kitu, damu inasema ninacho. Nimwamini nani?" Kipimo cha kumjibu kipo duniani. Kinaitwa PET ya PSMA, kwa jina la protini iliyojaa juu ya seli za saratani ya tezi dume, na mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha ile inayotumia galiamu. Kinaweza kuona vijidonda vidogo ambavyo CT inapita juu yake. Nilimweleza hivyo, kwa sababu aliuliza. Akauliza kipo wapi. Nikamtajia nchi.

3. Wagonjwa wetu si wale ambao vigezo vya kusoma picha vilitungiwa.

FDG haitafuti saratani, inatafuta ulaji wa sukari. Seli za kinga zinazopambana na kifua kikuu nazo zinakula sukari, na kwenye picha zinang'aa vilevile. Katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya miaka ya 2021 hadi 2025, Tanzania ilikuwa mojawapo ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Tuna wagonjwa wenye virusi vya UKIMWI ambao tezi zao huvimba kwa sababu nyingi. Na kichocho cha mkojo, ambacho watoto wa Lindi na Mtwara wanakipata kwenye mabwawa na mito ya kuogelea, kinasababisha saratani ya kibofu. Hilo halina ubishi tena kisayansi.

Chukueni mwanamke wa Masasi mwenye saratani ya mlango wa kizazi. Ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake nchini; makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliwaweka wagonjwa wapya Tanzania juu ya 10,000. Mwaka 2018, FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake, liliruhusu picha zitumike kupanga hatua ya ugonjwa huu, na mgonjwa ambaye tezi zake za nyonga zimeshikwa anahesabiwa yuko hatua ya IIIC hata kama uvimbe wenyewe ni mdogo. Hapo tiba inabadilika, eneo la kupigwa mionzi linapanuliwa, na madhara yanaongezeka. Sasa tezi ile ikang'aa kwenye picha. Ni saratani imesambaa, au ni TB aliyowahi kuugua na haikuisha? Kuchukua kinyama kwenye tezi iliyo ndani nyuma ya tumbo si jambo jepesi katika hospitali zetu. Vigezo vilivyotungwa Ulaya na watu ambao TB wameisoma zaidi vitabuni vinahitaji kupimwa upya hapa, kwa picha za wagonjwa wetu na majibu ya patholojia yetu, yaani maabara inayopima vinyama. Huo ndio utafiti wa miaka miwili au mitatu wa mtu mmoja aliyefundwa. Hauhitaji mashine mpya hata moja, unahitaji mtu mwenye muda na ruhusa ya kukaa Ocean Road, kupitia picha na mafaili, na kuwafuatilia wagonjwa hadi vijijini, na huku Kusini ndiko wanakotoka baadhi yao.

4. Mnatuelekeza kwenye milango ambayo mingine imefungwa na mingine ufunguo wake mnao ninyi.

"Dokta, si kuna fursa kibao mtandaoni?" Zipo. Tuziangalie basi. Marekani ina programu nzuri sana za kulea watafiti wa picha za saratani, nyingi zikigharamiwa na Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyo, NIH, kwa tuzo za mafunzo zinazoitwa NRSA. Sharti lake ni uraia wa Marekani au ukaazi wa kudumu. Kijana wa Ruangwa hata awe hodari namna gani, kwenye hizo haingii. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, ambalo nchi yetu ni mwanachama tangu 1976, linatoa nafasi za mafunzo, na mwaka 2022 lilizindua mpango wake wa Miale ya Matumaini kwa ajili ya saratani katika nchi kama zetu. Lakini maombi ya nafasi zile hupitia serikalini. Mtu hajitumi mwenyewe, anatumwa na nchi yake. Kwa hiyo mnaponiambia nikatafute mwenyewe, mnanirudisha mlangoni kwenu kwa njia ndefu.

Karibu zaidi kuna Pretoria, ambako tiba ya nyuklia imekomaa na ambako, pale Pelindaba, Afrika Kusini inazalisha molibdeni-99 na kuiuza duniani. Kuna Nairobi, ambako hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ina kituo cha picha za molekuli chenye saiklotroni yake. Kutoka Mtwara hadi Nairobi si mbali kuliko watu wanavyodhani. Makubaliano ya taasisi kwa taasisi yangetosha, na mimi siwezi kusaini makubaliano hayo.

5. Kanda.

Saratani ina Ocean Road Dar es Salaam, ina Bugando Mwanza, ina KCMC Moshi. Sisi tuna basi la alfajiri kituo cha Mkanaledi. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini imejengwa pale Mitengo na tunaipenda, ila majengo yake yanahitaji watu wa kuyakuza, na watu wa aina hii hawaajiriwi kwa tangazo la wiki mbili.

Hizo ndizo hoja. Najua majibu yatakayokuja, kwa sababu nimeshayasikia kwenye korido.

Mtasema Mtwara hakuna kamera ya gama wala PET, sasa huyo mtafiti atafanya nini? Nimeeleza kazi ya kwanza isiyohitaji mashine. Ya pili ni kuandika ni mashine ipi inunuliwe. Nchi hii inajua uchungu wa vifaa vinavyofika kabla ya watu, vikakaa na nailoni zake hadi dhamana inaisha. Kumfunda mtu huchukua miaka mingi kuliko kununua kifaa, kwa hiyo wa kuanza ni mtu.

Mtasema tuanze na ya msingi: chanjo ya HPV, virusi vya saratani ya mlango wa kizazi, kwa wasichana, kipimo cha siki cha kuikagua saratani hiyo kwa akina mama, maabara ya patholojia. Hapa nakubaliana nanyi zaidi ya nusu. Kama mna shilingi moja na mnaniuliza iende wapi, nitasema iende patholojia, maana picha isiyo na kinyama cha kuithibitisha ni uramli wa gharama kubwa. Lakini siombi kitengo. Naomba mshahara wa mtumishi mmoja ambaye tayari mnamlipa uendelee kulipwa akiwa mafunzoni, na nafasi chache kwa kanda. Fedha hiyo haifungi kliniki ya siki hata moja. Tena huyo mtu akirudi ndiye atakayewaambia, kwa ushahidi wa hapa, lini picha hizi zina faida na lini ni anasa. Kwa sasa anayewaambia ni muuza mashine.

Mtasema tukienda hatutarudi. Ni kweli wapo wasiorudi. Wengine hawarudi kwa sababu ya fedha, na wengine walirudi wakakuta kiti chao kimepewa mtu, wakapangiwa zamu za eksirei, wakaondoka tena. Wekeni mkataba. Wamarekani wenyewe, kwa raia wao wenyewe, anayepokea fedha za NRSA baada ya uzamivu anadaiwa utumishi wa hadi miezi 12 kwa mwaka wake wa kwanza, na anaulipa kwa kuendelea na utafiti au kufundisha. Mimi ningesaini mkataba wa kutumikia Kusini muda maradufu ya ule wa mafunzo, na wale vijana wawili wamenambia hivyo hivyo. Ila mkataba una pande mbili: nikirudi, pawe na chumba, na pawe na siku za juma zilizotengwa kwa utafiti.

Kuhusu bajeti sina la kuongeza, isipokuwa kwamba gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay na korosho ya mikoa hii miwili haziingii hazina ya taifa kwa jina la Kusini, lakini zinaingia.

Kwa hiyo, waheshimiwa, ninachoomba ni hiki:

(a) Mafunzo ya utafiti baada ya uzamivu yatambuliwe rasmi kama aina ya mafunzo kwa watumishi wa afya, yenye ruhusa ya malipo ya hadi miaka mitatu, pasipo sharti la shahada mwishoni. Kipimo kiwe ni kazi iliyotoka: machapisho, itifaki za kutengeneza dawa, maandiko ya fedha yaliyofanikiwa.

(b) Katika saratani, zitengwe angalau nafasi mbili za namna hiyo kwa watumishi wa Lindi na Mtwara katika miaka mitatu ijayo, moja iwe ya dawa za mionzi na nyingine ya usomaji na uchambuzi wa picha. Mafunzo yawe ya kwenda na kurudi: sehemu Pretoria, Nairobi au kwingineko, sehemu Ocean Road, na kila mwaka miezi kadhaa huku Kusini na wagonjwa wa huku. Halmashauri zetu zialikwe kuchangia. Sidhani kama zote zitakataa.

(c) Majina ya wanaopendekezwa kwenda mafunzoni kupitia mashirika ya kimataifa yatangazwe wazi, pamoja na kanda wanazotoka na tarehe za mwisho za kuomba. Tangazo likifika Mtwara lisiwe limeshapitwa na wakati.

(d) Yule ofisa apewe fomu mpya.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30. Likiwa ni hapana, liwe hapana yenye sababu, ili vijana wale wawili wajue mapema na wapange maisha yao. Lipitisheni kwa mwajiri wangu kama taratibu zinavyotaka. Namba ya kumbukumbu ya faili langu iko kwenye barua ambayo ofisi zenu zimeshagonga mhuri.

Wenu katika utumishi wa umma,

Mtaalamu wa fizikia tiba,
Mtwara.

Nakala:
Waheshimiwa wabunge wa mikoa ya Lindi na Mtwara
Wakurugenzi wa halmashauri za mikoa ya Lindi na Mtwara
Waganga wakuu wa mikoa ya Lindi na Mtwara
Mkuu wangu wa idara, ambaye aliipitisha barua ya kwanza siku ile ile nilipomkabidhi